Kuandaa maonyesho ya picha kuhusu watoto na mapigano: mwongozo kutoka Nakuru

Katika maonyesho ya kwanza niliyosaidia kuandaa hapa Nakuru, kijana mmoja wa boda boda aliingia ukumbini helmeti ikiwa bado mkononi. Alipita picha nne bila kusimama. Ya tano ilimsimamisha. Ilikuwa ya msichana wa miaka saba hivi, amekalia godoro lililokunjwa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, Januari 2008, macho yake yameikazia kamera. Kijana akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni dada yangu. Hajui kama hii picha iko." Dada mwenyewe alikuwa akiuza mitumba mwendo wa dakika kumi kutoka pale tuliposimama. Sisi tulikuwa tumemtafuta mpiga picha, tukamtafuta mchapishaji, tukamtafuta na mgeni wa heshima. Yeye hatukumtafuta.

Tuliiteremsha picha jioni ileile. Tangu siku hiyo kazi hii naianza na mtu, ndipo nije kwenye picha. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa makwao zaidi ya 600,000. Aliyekuwa na miaka saba wakati ule sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto wake, na anapita barabara hizi hizi unazopita wewe. Yote yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

Nawaandikia vikundi vidogo: walimu wawili watatu, vijana wa mtaa, kwaya, klabu ya picha ya chuo. Jipeni miezi sita.

Chagueni mapigano yapi, na myaite kwa jina lake

"Watoto na vita" ni mada pana kama ziwa, huwezi kuitundika ukutani. Chagueni mahali pamoja na miaka inayojulikana. Katika ukanda wetu kuna Molo na Kuresoi za miaka ya 1992 na 1997. Kuna Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu za 2007 na 2008. Kuna Mlima Elgon wa 2006 hadi 2008, ambako kundi la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilishika silaha kwa ajili ya ugawaji wa ardhi ya Chebyuk, mpaka jeshi likaingia Machi 2008 kwa Operesheni Okoa Maisha. Huko mlimani watoto waliumizwa kutoka pande mbili: wavulana walichukuliwa na wapiganaji hadi msituni, na wengine wakazolewa pamoja na baba zao katika msako wa jeshi. Anayeonyesha upande mmoja tu wa Elgon ataulizwa, na atastahili kuulizwa.

Jina lina uzito wake. Kisheria, vita vina kipimo chake katika Mikataba ya Geneva, na kesi za Kenya kule Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, zilikuwa za uhalifu dhidi ya binadamu, si uhalifu wa kivita. Kwa hiyo kwenye bango la Nakuru au Kisumu mimi huandika "ghasia" au "mapigano". Mtaani watu husema "wakati wa vita", na maneno hayo nayaacha yalivyo katika midomo ya waliosema. Mkitaka kuunganisha habari yetu na ya dunia, bango moja linatosha: ripoti ya Graça Machel kwa Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 kuhusu watoto katika vita, itifaki ya mwaka 2000 inayokataza walio chini ya miaka 18 kupelekwa mstari wa mbele, na Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992 kupokea, miongoni mwa wengine, wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Sudani. Msilirefushe. Aliyekuja kuona habari za mtaa wake wa Kaptembwa hapa Nakuru asipewe somo la sheria mlangoni.

Watu kwanza: miezi miwili ya mwanzo

Msiende na kamera. Siku za kwanza ni za kukaa, kunywa chai, kueleza mnachotaka na kusikia wanachoogopa. Piteni kwa chifu na mzee wa mtaa kwa heshima, lakini msiishie hapo, maana orodha ya chifu huwa na majina yale yale yanayoitwa kila mgeni akija. Ulizeni vyama vya akina mama, walimu wa zamani, makatekista, maimamu, wenye vibanda vya kinyozi.

Kuna jambo ambalo waandaaji wengi hulikosa. Picha nyingi za 2008 tulizo nazo ni za mahema: uwanja wa maonyesho wa Nakuru, uwanja wa michezo wa Afraha, baadaye kambi za Pipeline na Mawingu. Mahema hupigika vizuri. Lakini maelfu waliofukuzwa Nakuru, Naivasha na Mkoa wa Kati walipanda mabasi na malori wakarudi Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, wakapokewa na shangazi, babu, wajomba. Watoto wao walilala sakafuni katika nyumba za jamaa na kuanza shule mpya katikati ya mwaka. Hakukuwa na hema la kupiga picha. Ukikusanya picha zilizopo bila kufikiri, ukuta wako utasema kwamba waliokimbia ni jamii moja na waliofukuza ni nyingine. Sivyo ilivyokuwa. Pengo hilo lazibeni kwa makusudi: mtafuteni aliyefika Kisumu usiku kwa basi akiwa darasa la tatu, mwombeni awaonyeshe alichobeba. Mama mmoja alitutolea daftari la hesabu lenye jina la shule ya Naivasha kwenye jalada. Lilikuwa na kurasa sita tu zilizoandikwa, na ndilo lililosimamisha watu muda mrefu kuliko kitu chochote kile ukumbini.

Idhini

Hapa msiende mbio.

Kama aliye pichani amekuwa mtu mzima, ruhusa ni yake yeye, si ya mama aliyekubali mwaka 2008 wala ya mpiga picha. Kama bado ni mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na inataka jambo lenyewe liwe na manufaa kwa mtoto. Sheria hiyo imeacha nafasi kwa sanaa na uandishi wa habari, lakini msijifiche nyuma yake. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na hizo zilikuwa picha za kawaida za shule. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, mtoto ndiye anayesikilizwa. Huo ni msimamo wangu, na sijawahi kuujutia.

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, na isomwe kwa sauti mbele ya mhusika. Itenganishe mambo matatu, kila moja na sehemu yake ya kutia sahihi: picha kutundikwa ukumbini, picha kutumika kwenye bango la tangazo au gazetini, na picha kuwekwa kwenye intaneti. Wengi hukubali la kwanza na kukataa la tatu, na wana haki. Ukumbi hufungwa saa kumi na mbili, simu hazifungwi. Fomu iseme pia kwamba mtu anaweza kubadili nia wakati wowote, hata maonyesho yakiendelea, bila kutoa sababu. Kwa hiyo chapisheni picha tatu nne za akiba, ili moja ikishuka ukuta usibaki na jeraha.

Msimlipe mtu kwa kusimulia. Nauli, chakula cha mchana na fidia ya siku ya kazi aliyoikosa, hizo lipeni, tena mziweke juu kabisa ya bajeti kabla ya fremu. Nimeona makundi yakichapisha picha kubwa kama mlango huku aliye pichani akitembea kwa miguu kurudi mtaani kwake Rhonda.

Kuchagua picha

Zitatoka sehemu nne: kwa wapiga picha wa habari, kwenye albamu za familia, kwenye picha mpya mtakazopiga wenyewe, na kwa watoto wa leo mkiwapa kamera au kalamu za rangi. Za wapiga picha ombeni kwa barua inayotaja idadi, ukubwa, tarehe na mahali. Kuikuta picha kwenye mtandao si ruhusa, na hakimiliki ya picha nchini Kenya hudumu miaka 50. Za albamu zipigeni nakala palepale nyumbani, kwenye mwanga wa mlango, na msiondoke na picha ya mtu. Kuna familia ambayo hiyo ndiyo picha ya pekee iliyonusurika moto.

Kataeni mapema aina hizi: maiti za watoto, mtoto aliye uchi au anayetibiwa, na sura ya yeyote aliyewahi kubebeshwa silaha. Aliyekuwa msituni Elgon akiwa mvulana anaishi leo jirani na familia iliyopoteza mtu. Ukimtundika ukutani umemtaja. Msimzibe macho kwa ukanda mweusi pia: jamaa zake bado watamtambua, na wengine watamwona kama mshtakiwa. Pigeni picha ya mikono, ya njia aliyopita, ya koti alilorudi nalo. Vitu husema mengi, tena havimletei mtu taabu.

Kwa kila picha inayobaki, jiulizeni swali ambalo wasomaji waliuliza Machi 1993, gazeti la New York Times lilipochapisha picha ya mtoto wa Sudani aliyeinama kwa njaa na tai nyuma yake: mtoto huyo alikuwaje baadaye? Gazeti lilibidi liandike tena kueleza kwamba hatima yake haikujulikana. Nyinyi mna nafasi ambayo lile gazeti halikuwa nayo, kwa sababu watu wenu wako hapa. Picha ambayo hamwezi kueleza mtoto aliishia wapi, iacheni. Kwa sheria hiyo moja tuliwahi kupunguza picha 90 zikabaki 22, na ukumbi ukapumua.

Kabla ya kuzipeleka faili kwa mchapishaji, futeni taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha, hasa zilizopigwa kwa simu. Nendeni wenyewe na flashi, simameni hapo zikichapishwa, kisha mwombeni afute nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake.

Maelezo chini ya picha

Maneno 40 hadi 60, si zaidi. Kiswahili kwanza, na herufi zisomeke na mtu aliyesahau miwani. Elezeni nani, wapi, lini, na yuko wapi sasa, kwa kiasi alichoruhusu yeye mwenyewe. Akitaka jina la kwanza tu, liwe hilo. Akitaka jina lingine, andikeni hivyo waziwazi.

Kabila lisitajwe isipokuwa habari haieleweki bila hilo, na hata hapo isemwe na mhusika kwa kinywa chake. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inagusa pia maandishi yanayoonyeshwa hadharani, lakini hata isingekuwapo, neno moja la jumla kama "wavamizi wa kabila fulani" humfanya mtoto wa shule amgeukie mwenzake wa dawati moja. Msiandike "asiye na hatia" wala "mwathiriwa". Andikeni "Mercy alikuwa na miaka minane na alikuwa akisubiri matokeo ya mtihani." Mkimaliza, mpelekeeni mhusika ayasome. Akibadilisha sentensi, imebadilika.

Mahali na wakati

Picha Mtaani, kazi ambayo mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake waliianza 2009, ilizipeleka picha za ghasia barabarani na viwanjani katika miji ya Kenya, na watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la sanaa walisimama mbele ya picha hizo na kulia. Nguvu hiyo ya mahali pa wazi naiheshimu sana. Lakini kwa mada ya watoto kuna tatizo: mtoto anayetoka shule hukutana na picha bila mtu wa kumwandaa. Mimi hugawa. Nje, kwa mfano Nyayo Gardens hapa Nakuru, naweka picha za maisha ya kawaida na za watu walivyo leo. Ndani, kwenye maktaba ya taifa, Nakuru Players Theatre au ukumbi wa kanisa, naweka zilizo nzito. Kwa Kisumu, makumbusho yaliyofunguliwa 1980 yana kivuli na shule zimeyazoea. Kwa wanaoshughulika na Elgon, makumbusho ya Kitale yako karibu na wenyewe. Epukeni jengo ambalo upande mmoja unaliona kuwa la wapinzani, hata likiwa la bure.

Mkikusanya watu uwanjani, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ofisi ya kaunti nayo ina kibali chake cha kutumia bustani. Nendeni mapema na mchukue nakala zilizogongwa muhuri.

Tarehe ninayoipenda ni wiki ya 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Shule ziko muhula wa pili na masika yamepungua. Tarehe 20 Novemba ni Siku ya Watoto Duniani, lakini mitihani ya taifa huwa imeshika watoto na walimu. Na msifungue katika miezi ya kampeni. Uchaguzi ni Agosti 2027. Picha ya nyumba inayoungua, ikitundikwa Nakuru wiki tatu kabla ya kura, haiwi tena kumbukumbu. Watu huisoma kama onyo, au kama deni.

Kuchapisha na kutundika

Pimeni kwanza. Chumba cha kadiri ya darasa, mita 8 kwa 6, mkitoa milango na madirisha hubaki na kama mita 18 za ukuta. Picha ya A2 iliyolala ina upana wa sentimita 59, ipeni nusu mita ya kupumua, mtapata picha 16. Zilizobaki zitaka mbao za kusimamisha katikati.

Ukubwa hutegemea faili. Picha yenye nukta (pikseli) 6,000 kwa upana ukiichapisha kwa nukta 200 kila inchi hutoka safi hadi sentimita 76. Iliyotumwa kwa WhatsApp, ikifika na nukta 1,600, hutoka vizuri kwa sentimita 20 tu. Hiyo msiivute. Iacheni ndogo, iwekeni kwenye fremu pana, watu watasogea karibu, na kusogea karibu ni kuzuri. Mara nyingine ombeni itumwe kama faili, si kama picha.

Karatasi isiyong'aa ni bora kuliko inayong'aa, na fremu isiyo na kioo ni bora kuliko yenye kioo ikiwa kuna dirisha mkabala. Kisumu kuna unyevu, kwa hiyo kilichobandikwa kwa seloteipu kitakuwa chini asubuhi. Tumieni fomubodi na uzi wa nailoni wa wavuvi, ambao huko haukosekani, mkiufunga kwenye reli ya juu bila kutoboa ukuta wa watu. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Mkitegemea watoto wa msingi, shukeni hadi 125.

Kuhusu mpangilio, msianze na moto. Kuta mbili za mwanzo ziwe za utoto wenyewe: mpira wa makaratasi ya nailoni, bladda (mchezo wa kuruka kamba ya mpira), foleni ya maji, sare ya shule iliyokuwa kubwa kwa sababu ilinunuliwa ya kukulia. Mtazamaji akishaona kilichokuwapo, ndipo atajua kilichovunjwa. Sehemu nzito iwe nyuma ya pazia, na kibao kinachoeleza kilicho ndani, na njia ya pili ya kuizunguka kwa asiyetaka kuingia. Ukuta wa mwisho ni wa watu walivyo sasa, wamepigwa mahali walipochagua wao: kibandani, shambani, mlangoni kwao. Picha hizo zichapisheni kubwa kuliko zote.

Siku ya kufungua, na siku moja kabla

Siku moja kabla, wahusika na familia zao waingie peke yao, bila waandishi wa habari na bila nyinyi kuzungumza sana. Wekeni viti na chai. Atakayesema "hii itoe", itoeni palepale.

Awepo mshauri nasaha kila siku ukumbi ukiwa wazi, si siku ya ufunguzi tu. Awe na kona tulivu yenye viti viwili, na awe anaongea lugha ya nyumbani ya wengi watakaokuja. Namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bure, iandikwe kwa herufi kubwa karibu na mlango wa kutokea. Wafundisheni vijana wa kuongoza wageni jambo moja: mtu akilia, msimshike, msimpige picha, msimuulize "ulipoteza nani?" Mpeni maji, simameni karibu. Shule zije kwa miadi, mwalimu akiwa ameshaziona picha kabla.

Hotuba ziwe fupi. Mwakilishi wadi na mbunge wakaribishwe kama wageni wengine, watazame, lakini kipaza sauti kibaki kwa wenye picha na kwa mchungaji na sheikh wa sala ya ufunguzi. Hili litaleta maneno, kwa hiyo lisemeni kwenye barua ya mwaliko, kwa adabu, mapema. Maoni ya watazamaji yaandikwe kwenye vikaratasi na kutiwa sandukuni, yasomwe jioni kabla ya kubandikwa, kwa sababu tusi moja la kikabila likikaa ukutani usiku mzima, asubuhi limezaa mengine.

Kushusha

Pangeni siku ya mwisho na muitimize. Picha za wapiga picha zirudi kwao au ziharibiwe kama mlivyokubaliana. Fomu za idhini zifungiwe kwa mtu mmoja anayeaminika. Kilichowekwa mtandaoni kwa muda kiondolewe muda ukiisha. Na kila aliye ukutani apelekewe picha yake mwenyewe, ndani ya fremu, hadi nyumbani.

Yule dada wa mitumba tulimwendea baada ya siku tatu, tukiwa tumeifunga picha kwenye karatasi ya kaki. Alikaa nayo muda mrefu. Alisema godoro lile lilikuwa la jirani, walikuwa wamelichukua kimakosa gizani, na jirani huyo alilifuata mpaka uwanjani, kisha akawaachia. Hilo halikuwa limeandikwa mahali popote. Aliuliza kama tunaweza kumchapishia nakala ya pili, ya kumpelekea jirani.